Difu ya Mtani Wangu

Leo asubuhi mtani wangu Maganga amenisalimia vizuri, na tangu hapo sijakaa kitako. Nimepanga vyombo, nikavipangua. Nimefagia ua ambao ulikwisha kufagiwa. Sasa nimeshika kalamu, maana mjukuu wangu amenikataza kuingia tena uvunguni mwa bajaji yake, na mikono hii lazima ishike kitu.

Ninyi vijana wa gereji za hapa Ng'ambo, mnaonipita barazani na kuniita Bibi Difu, mmeniomba mara nyingi niwaeleze habari za lile gari jekundu. Basi nitawaeleza leo, wakati namngoja Maganga arudi kutoka sokoni. Mkiona narukaruka mnivumilie. Sikuwahi kutulia hata nilipokuwa na magoti mazima.

Kwanza mjue sisi ni nani. Mimi Tatu ni Mzaramo. Babu wa babu yangu alifika Tabora kwa miguu, na msafara uliotoka Pwani, akaoa hapa na kuzikwa hapa, lakini Uzaramo wetu hatukuuacha njiani. Maganga ni Mnyamwezi wa hapahapa, anakaa Gongoni, Mmoraviani, anaimba besi kanisani na kufuga nyuki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Nyie wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anasimama kwenye msiba wenu na kutangaza kuwa marehemu alikuwa mlafi, nawe huna ruhusa ya kununa. Alichokichukua mtani huwezi kukidai kwa ugomvi. Unakikomboa kwa kicheko na zawadi kidogo, au unakiacha kiende zake.

Kwa hiyo miaka yote, ukitoa siku chache nitakazozitaja, Maganga hakuwahi kunijulia hali. Alikuwa akisimama langoni mwa gereji na kupaza ile besi yake: "We mla nguru, hujafa tu?" Nami nilimjibu nikiwa uvunguni: "Nakusubiri utangulie, mpagazi wangu, ukanibebee mizigo!" Ndivyo tulivyosalimiana, jua na mvua.

Leo amesema, "Za asubuhi, Bi Tatu." Tena amekuja kwa miguu. Akasema anakwenda sokoni, akapita.

Haya, tuseme habari za kazi.

Aliyenifundisha ni Fundi Nasibu, mwenye gereji, mzee wa mjini mwenye maneno machache na masikio makubwa. Siku nilipokwenda kuomba kazi alinitazama, akatazama kanga yangu, akanipa spana na kuniambia nifungue difu ya lori. Hakuniuliza kama naweza. Nyie mnajua difu ni nini, lakini wapo watakaosoma hapa wasiojua, basi niwaambie: ni lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Ndani yake kuna gurudumu la meno, krauni, na mwenzake mdogo, pinioni. Wakiumana vizuri, gari linakwenda kimya. Wakiumana vibaya, wanalia, halafu wanatafunana.

Ili ujue wanavyoumana unapaka meno rangi, unayazungusha, unatazama alama. Katikati ya jino, safi. Pembeni, rudi kazini. Siku moja rangi iliisha, mteja amesimama juu ya vichwa vyetu. Mimi nikatoa wanja wangu mkobani, nikauchanganya na grisi kidogo, nikapaka. Alama ikatoka nyeusi tii, imejichora kama nyusi za bibi harusi. Fundi Nasibu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokwenda sokoni alirudi na kikopo cha wanja, na wauzaji wakaanza kumsema kuwa ameongeza mke.

Siku hizi mnachomeka mashine mnasubiri iwaambie gari linaumwa nini. Sikatai, mashine inajua mengi. Lakini haijawahi kunusa mafuta ya difu. Mafuta yaliyoungua yana harufu yake, ukishaijua huwezi kuisahau. Jamani, huyu Maganga sokoni ananunua nini muda wote huu?

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili tu, la Kizungu, bodi fupi, pua ndefu. Lilikuwa la daktari mmoja wa misheni. Alipokwenda zake alimwachia Maganga, aliyekuwa akimpelekea asali. Injini yake ya silinda nne ilikuwa imechoka. Mchanga wa huku kwetu uliizidi: gari liliingia kwenye mchanga likakohoa na kuzima, na watoto wakalisukuma kwa nyimbo.

Maganga akaja na lake. Alikuwa ameona gari moja la saluni, la milango minne, limebondeka ubavuni, injini yake ya silinda sita nzima. "Nataka hiyo," akasema. "Kabula anaolewa. Nampeleka kanisani mwenyewe."

Kabula ni bintiye, mtoto pekee. Mchumba alikuwa wa Ulyankulu, katika zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi, wakulima wazuri wa tumbaku na mahindi. Ndoa ingefungwa kulekule. Watu wengine wangepanda basi la kukodi, na bibi harusi angeingia kijijini katika gari jekundu, baba yake usukanini. Mama yake Kabula alifariki binti akiwa mdogo, na Maganga alimlea peke yake. Hakusema hivyo, lakini nilijua gari lile lilikuwa la mama pia.

Tukaiweka injini. Si kazi ya kulazimisha. Injini kubwa ni nzito, ukiiacha mbele kabisa pua inainama na usukani unakuwa mgumu kama wa trekta. Tuliirudisha nyuma kadiri tulivyoweza, tukakata na kuunda upya lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Tukachomelea mauntini mpya za kushikilia injini, tukaweka rejeta pana, tukafupisha propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye difu. Breki nazo tukaziongeza, maana gari linalojua kukimbia bila kujua kusimama ni jeneza. Tulipoliwasha mara ya kwanza, mabati ya gereji yalitetemeka, na Maganga akaanza kuimba.

Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama difu.

Difu ilikuwa ileile ya zamani, ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ndogo. Fundi Nasibu alikuwa na mfano wake kwa jambo hili. Alisema gari ni mzega, ule mti wanaobebea watu wawili mzigo mzito, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukimweka pandikizi la mtu mbele na mtoto nyuma, mzigo hauanguki upande wa pandikizi. Ukiongeza nguvu mbele, uliza kwanza nyuma kuna nani.

Nikamwambia Maganga: "Difu hii haitafika Ulyankulu. Itakuvunjikia njiani."

Akacheka. "Mzaramo huyo! Anataka kunichelewesha harusi ale ubwabwa peke yake."

"Maganga, nasema kweli. Difu ikikwama, magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka. Mtakufa."

"Sisi tufe, na wewe unasubiri nini?" Gereji nzima ikaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipoona shimo tuliloingia. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwambia atakufa. Nimemzika mara ngapi huyu mtu? Nilishamwambia atafia mzingani, atafia kwayani, atafia katika sahani ya michembe, vile viazi vyao vya kukausha. Kila kifo nilichokijua nilikuwa nimeshamwahidi. Sasa nilikuwa na kifo cha kweli mkononi na sikuwa na lugha ya kumpa.

Nikasema nitamwonyesha kwa macho. Tulilijaribu gari kwenye njia ya Kwihara, kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, na nilipokanyaga mafuta nikasikia "krak" nyuma ya kiti. Mara moja tu. Tuliporudi nikamwaga mafuta ya difu. Yakatoka na vipande vya meno, vinameta. Nikaviweka kwenye kitambaa, nikampelekea Maganga.

Akavitazama, akaviweka kichwani kama taji. "Hivi ni vilevile vya mwaka ule!"

Tena alikuwa na haki. Mwaka fulani nilikuwa nimemwekea meno ya gia boksi ya lori kwenye beseni la mafuta ya pikipiki yake, nikamwita aje aone maiti. Karibu alie. Kisa hicho alikisimulia kanisani, sokoni, kila mahali, na watu walicheka mpaka basi. Sasa nimemletea ushahidi wa kweli, ushahidi unavaliwa taji.

Fundi Nasibu akajaribu kumwambia. Maganga akamjibu, "Ah, mzee, na wewe umemezwa na Mzaramo wako." Kabula mwenyewe alikuja kujaribu kiti, akanipungia mkono akicheka, kichwa kimejaa rola za saluni. Harusi ilikuwa Jumamosi ile iliyokuwa inakuja.

Sikupata raha. Nilikwenda huku na huko, nilipika nikaunguza, nilimgombeza kila aliyenikaribia. Nilifikiria kuficha funguo. Nilifikiria kumwaga petroli. Lakini yote hayo mtani anaruhusiwa kuyafanya, na Maganga angecheka, akanipa kuku, akachukua funguo zake.

Asubuhi iliyofuata alifika gereji kama kawaida. "We mla nguru, hujafa tu?"

Nilitoka uvunguni. Nilifuta mikono. Nilijifunga kanga vizuri, nikamsogelea, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa na mama yangu kuwasalimu wakubwa. Nikasema, "Shikamoo, kaka Yohana."

Yohana ni jina lake la ubatizo. Sikuwahi kulitamka hata siku moja. Nyundo zilizokuwa zinagonga zilinyamaza. Maganga hakuitikia marahaba. Alirudi nyuma, akatafuta kitu cha kukalia, akakalia tairi.

"Nani kafa?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, si ile besi.

"Bado hajafa mtu, kaka."

Maganga akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani. "Fanya unavyojua," akasema. "Ni mwanangu."

Vijana, hiyo kazi tuliifanya kama watu wanaofukuzwa. Chukueni na faida yake. Watu walitushauri tuchukue difu ya pikapu, kubwa, ngumu. Nikakataa. Difu ya pikapu imepangwa kwa ajili ya kuvuta mizigo: itabeba nguvu, sawa, lakini injini itakuwa inapiga kelele na gari haliendi. Tulirudi kwa ileile saluni iliyotupa injini, tukachukua na difu yake, kwa sababu hao wawili walikuwa wameshazoeana. Msitenganishe injini na difu yake kama mnaweza kuwapata wote.

Ilikuwa pana kuliko gari. Ikabidi tukate ekseli pande zote mbili na kuichomelea upya, tukivuta uzi kutoka ncha hadi ncha tuone kama imenyooka. Ukichomelea upande mmoja bila kupumzika, joto linapinda chuma, na utadhani umelaaniwa. Choma kidogo huku, hamia kule, acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Mimi na kutotulia kwangu, kungoja chuma kipoe kulinitesa kuliko kazi nyingine yoyote maishani. Fundi Nasibu alinikalisha kwenye kigoda akanipa chai ili nisiguse kitu. Shafti za pembeni tulizifupisha kwa mtu wa mashine ya kuchonga. Mwisho nikapaka wanja, nikazungusha. Alama ikaja pembeni. Nikafungua, nikabadilisha shimu, kile kibati chembamba kinachosogeza pinioni, nikazungusha tena. Pembeni. Nikafungua tena. Sikumbuki nilirudia mara ngapi. Nakumbuka tu ilipokaa katikati ya jino nilibusu chuma, mdomo wote ukawa na wanja.

Maganga alikuja kila siku. Na kila siku alisema, "Habari za kazi, Bi Tatu. Pole na kazi." Heshima tupu. Hakuwa na hasira, hakujua tu arudi vipi. Na mimi pia sikujua. Nilikuwa nimeokoa gari lakini nilihisi nimeua kitu kingine, na iliniuma, nasema kweli iliniuma.

Jumamosi waliondoka, Kabula na shela lake limejaa kiti kizima. Mimi sikwenda. Nilisema goti linauma. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa ndani ya basi nikilitazama gari lile mbele yangu. Nilibaki gereji, nikafungua kabureta isiyokuwa na ubovu wowote, nikaiosha, nikaifunga, nikaifungua. Kila simu ilipolia niliangusha spana.

Kesho yake mchana nikasikia mngurumo wa silinda sita unakuja kutoka barabara ya Ulyankulu. Nikatega sikio nyuma ya mngurumo, kwenye difu. Kimya. Gari likasimama langoni, jekundu limegeuka kahawia kwa vumbi. Maganga akashuka. Alisimama pale, ananitazama, midomo inacheza. Kisha akavuta pumzi.

"We mla nguru! Bado unapumua? Watu wa Ulyankulu wameniuliza difu nzuri hivi nani kaiweka, nikawaambia nimeiokota!"

Nilimrushia beseni la mafuta machafu. Shati lake la harusi liliharibika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nililia nikisingizia petroli.

Fundi Nasibu amekwisha tangulia, Mungu amrehemu. Kabula ana watoto wanaosoma. Gari limebaki na difu ileile, na kila siku Maganga amelipitisha hapa barazani, ananitukana kutoka dirishani, nami namtukana huku nasikiliza chuma changu.

Mpaka leo. Sasa mnaelewa kwa nini sikai.

Nimeacha kuandika, nimerudi. Jioni inaingia, na nina ya kuongeza.

Maganga alirudi kutoka sokoni mikono mitupu. Alifika barazani, akatafuta ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kupanda. Niliona. Fundi huona namna kitu kinavyogusa kitu.

"Nani kafa?" nikamwuliza.

"Bado hajafa mtu." Akakaa. Akasema polepole kwamba hakwenda sokoni, alizunguka tu akitafuta namna ya kuanza. Ni presha ya macho. Daktari amemwambia kilichopotea hakitarudi. Jana, akitoka mizingani, hakumwona mtu wa baiskeli mpaka mtu huyo aliporukia majanini.

"Basi acha kuendesha," nikasema.

"Funguo zikiwa nyumbani nitaendesha. Najijua. Na Kabula nitamwambia mwenyewe, lakini sitaki Gongoni nzima ije kunishika mkono nivuke barabara." Akanigeukia. "Nilitaka nikuombe kitu, dada Tatu. Uniibie gari."

Nilimwelewa hapohapo. Mtu akinyang'anywa na mtani, haulizwi amepungukiwa nini. Anachekwa tu, na kicheko hicho hakina huruma ndani yake.

Tulikwenda Gongoni kwa bajaji ya mjukuu wangu. Uani kwake kulikuwa na wanakwaya wanafanya mazoezi, na majirani wamekaa. Sikumngoja apumzike. Nilimwingiza mkono mfukoni, nikachomoa funguo, nikapiga vigelegele. "Mpagazi huyu ametembelea gari langu miaka yote! Difu yangu, wanja wangu! Leo nalichukua!"

"Mwizi!" Maganga akanguruma, besi kamili. "Jamani, Mzaramo ananipora mchana kweupe!" Kwaya ikavunjika kwa vicheko. Mtu akasema alikomboe gari kwa dumu la asali, akajibu kwamba asali yake haiwezi kuliwa na mla nguru, bora gari liende.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama nitaliandika hili, maana nilikuwa nimekwisha kuanza. Akasema niandike, macho ni yake, si ya serikali, watu wajue tu ila wasimshike mkono, mradi niseme gari liliporwa. Basi, liliporwa.

Nikakaa usukanini. Klachi ikalikumbusha goti umri wake. Maganga akazunguka gari akilipapasa ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayetania tu, mpaka akaupata mlango wa pili. Akaingia, akatoa kichwa dirishani.

"Njooni muone!" akawaambia majirani. "Babu zetu waliwabebea hawa mizigo mpaka Pwani. Leo Mzaramo ndiye mpagazi!"

Nikamwambia akae vizuri, mzigo hauna mdomo. Nikakanyaga mafuta, tukatoka kuelekea Ng'ambo, wote wawili tukisikiliza nyuma.